Buti Si Sefu

Baina ya Ruiru na Thika kuna kanuni ambayo haimo katika sheria yoyote, lakini wenye leseni ya bunduki huifuata kana kwamba imechapishwa katika gazeti rasmi la serikali: ukifika mahali ambapo silaha hairuhusiwi kuingia, iache garini. Isukume ndani ya dashibodi, au chini ya kiti, au kwenye buti ukiwa mwangalifu zaidi; funga milango, sikiliza rimoti ikilia, kisha nenda zako dukani, kanisani au mezani kwa nyama choma. Anayefanya hivyo hujiona mstaarabu. Hujilinganisha na mbabe anayeingia baa na bastola ikichungulia chini ya shati, na kwa kipimo hicho anashinda bila jasho. Mimi nasema kipimo chenyewe ni kibovu. Bastola iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa haijahifadhiwa, imetelekezwa tu mahali penye kufuli. Na mtu anayejua kabla hajatoka nyumbani kwamba atalazimika kuitelekeza hivyo, hana sababu ya kuibeba siku hiyo.

Mazoea haya si ya zamani sana. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na katika miaka iliyofuata maduka makubwa, hoteli, makanisa yenye maelfu ya waumini na mitaa ya mageti ikaifuata lami kutoka Kasarani hadi Makongeni. Kisha, Septemba 21, 2013, magaidi wakavamia jumba la Westgate kule Westlands na kuua watu 67. Tangu hapo duka kubwa linalojiheshimu halikosi mlinzi wa getini mwenye kioo cha kumulika chini ya gari, anayefungua buti na kuuliza kama una silaha. Ukimwambia unayo, mara nyingi hana la kukufanyia. Hana kabati, hana daftari la kuisajili, hana mamlaka ya kuipokea, na hawezi kumrudisha nyumbani mteja mwenye gari la thamani. Kwa hiyo wawili hao huafikiana bila kusema: silaha ipite geti, isipite mlango. Hivyo ndivyo gari lilivyopandishwa cheo likawa ghala la silaha, pasipo Bodi ya Leseni za Silaha kuombwa ruhusa wala bunge kujadili neno.

Sheria yenyewe inasema nini? Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki au risasi kuzihifadhi salama wakati wote. Haikutenga saa za ibada wala za kununua unga. Jukumu hilo imemwekea mtu, si chombo chake. Cheti kinatolewa kwa jina la mwenye kukiomba, baada ya afisa wa leseni kuridhika kwamba mwombaji ana sababu nzuri ya kuwa na silaha na kwamba anaweza kuruhusiwa kuwa nayo bila kuhatarisha usalama wa umma. Tofauti na Marekani, Katiba yetu ya 2010 haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki. Anapewa ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo mkazi wa Ngoingwa au Membley hawezi kusema yuko safarini kwenda kuwinda swara. Sababu inayoandikwa kwenye fomu za wengi wa mjini ni moja tu, nayo ni kujilinda nafsi.

Hebu sababu hiyo ipimwe kwa kanuni ya dashibodi. Bastola iko chini ya kiti cha Prado katika orofa ya chini ya maegesho. Mwenyewe yuko orofa ya pili, kwenye foleni ya kulipia. Inamlinda nani? Akivamiwa pale kwenye kaunta haitamfaa. Akivamiwa akirudi garini na mifuko mikononi, mvamizi ndiye atakayekuwa karibu zaidi na silaha, hasa akishanyang'anya funguo. Kwa muda wote ambao gari limeegeshwa, bastola ile haimkingi mwenye leseni hata kidogo, na ina uwezo kamili wa kumfaa mtu mwingine. Sijui silaha nyingine inayoweza kuwa upande wa adui kwa saa tatu huku mwenyewe akiamini imelala. Ndiyo maana nasema aliyeiacha garini amekanusha kwa matendo ile sababu aliyoiandika kwa mkono wake: amekiri kwamba kwa mchana ule hakuihitaji.

Watetezi wa kanuni hii watasema gari limefungwa, tena lina king'ora. Yeyote aliyewahi kusikia ving'ora vya magari katika maegesho ya Thika mjini anajua watu wanavyoviitikia: hawageuki. Kioo cha mlango huvunjwa kwa pigo moja. Wezi wa magari wa Nairobi na viunga vyake wamekwisha kujifunza kuziba mawimbi ya rimoti, ili mwenye gari abonyeze akiwa anatembea, aamini amefunga, na milango ibaki wazi. Na kuna wizi ambao hauhitaji kuvunja chochote, yaani kuchukuliwa kwa gari zima. Likiondoka, silaha imekwenda nalo. Sefu ya nyumbani imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni kwa sababu hiyo hiyo. Kitu cha kwanza kinachotakiwa kwa sefu ni isiweze kubebwa, na gari limetengenezwa liende.

Jina la buti lenyewe linatupotosha. Tunaposema "nimeiweka kwenye buti", akili huona sanduku la chuma la Peugeot 504, lenye kufuli lake na ukuta baina yake na kiti cha nyuma. Angalia sasa magari yanayoegeshwa kando ya barabara Ruiru: Probox, Fielder, Vitz, Demio, X-Trail, Prado. Mengi hayana buti ya namna hiyo. Yana nafasi nyuma ya kiti, iliyofunikwa kwa pazia la plastiki kama limo, inayofikiwa na yeyote aliyeingia kwa mlango wowote. Kinachoitwa buti ni chumba kile kile cha abiria, upande wa mizigo.

Hoja ya siri ni dhaifu zaidi. "Hakuna anayejua kama iko mle." Anajua mlinzi wa geti, kwa kuwa aliuliza akajibiwa. Anajua kijana anayeelekeza magari, kwa kuwa ameona mara nyingi jinsi mambo yanavyokwenda: mtu anazima injini, hashuki mara moja, anainama, kiwiko kinapanda, kitu kinatoka kiunoni, dashibodi inafunguka na kufungwa, halafu anashuka akichomeka shati. Hakuna ishara iliyo wazi kuliko hiyo. Anayetaka kujua ni gari gani lina bastola hahitaji mpelelezi; anahitaji subira na kiti cha plastiki kivulini.

Ushahidi wa jambo hili upo, ingawa mwingi wake unatoka mbali. Marekani, ambako bunduki ni nyingi kuliko watu, shirika la Everytown (linalopigania masharti makali ya silaha, na msomaji ana haki ya kulijua hilo) lilichambua takwimu ambazo idara za polisi huziwasilisha kwa FBI. Likaona kwamba mwaka 2022 zaidi ya nusu ya bunduki zilizoripotiwa kuibwa katika miji iliyochunguzwa ziliibwa kutoka kwenye magari, ilhali miaka kumi hivi kabla yake zilikuwa karibu robo. Bunduki za nyumbani hazikuacha kuibwa. Ila gari lilizipita nyumba, na likafika huko baada ya majimbo mengi kulegeza masharti ya kubeba silaha hadharani. Watu walipozoea kutembea na bunduki, walizidi kufika mahali zisipoingia, wakaziacha garini. Ni ule ule mwendo wa Barabara ya Thika, kwa kipimo cha bara zima.

Nyuma ya takwimu hizo kuna watu. Julai 1, 2015, Kate Steinle alikuwa akitembea na baba yake kwenye gati ya San Francisco alipopigwa risasi akafa. Siasa za Marekani zililishika suala la uhamiaji wa aliyeshtakiwa, ambaye baraza la wazee wa mahakama lilikuja kumwondolea hatia ya mauaji mwaka 2017. Kilichozungumzwa kidogo zaidi ni bastola ilikotoka: siku chache kabla, ilikuwa imeibwa ndani ya gari la binafsi la askari wa idara ya ardhi ya serikali, gari lililoegeshwa katikati ya jiji. Karibu miezi mitatu baadaye, Septemba 2015, mchoraji Antonio Ramos aliuawa ng'ambo ya ghuba, huko Oakland, akiwa kazini chini ya daraja la barabara kuu akichora ukuta wa amani. Silaha iliyomuua ilikuwa ya ofisa wa idara ya uhamiaji, nayo iliibwa kutoka garini. Hao waliopoteza silaha hawakuwa raia wazembe wasiojua bunduki. Walikuwa watumishi waliofunzwa, wenye kanuni za kazi na wakubwa wa kuwauliza. Kama mafunzo hayo hayakuzuia kioo kuvunjwa, leseni ya mfanyabiashara wa vipuri wa Thika itakizuiaje?

Hapa huja pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito: Kenya si Marekani. Utafiti wa Small Arms Survey uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba raia wa Kenya wana silaha zipatazo 750,000, na kati ya hizo zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Ikiwa ni hivyo, wanauliza, mbona mnawaandama wachache wanaofuata sheria ilhali mto unafurika kutoka Somalia, Sudan Kusini na mabonde ya wafugaji wa kaskazini? Swali ni zuri, lakini hesabu yake inachanganya silaha za aina mbili. Wingi ule wa kaskazini ni wa bunduki ndefu, AK-47 na G3, zinazolinda ng'ombe na malisho. Jambazi wa Githurai au Kiandutu hawezi kupanda matatu na AK-47 begani. Anayotaka ni bastola, inayofichika, na bastola ndiyo silaha hasa ya mwenye leseni na ya askari. Soma taarifa za polisi kuhusu wizi wa kimabavu katika kaunti ya Kiambu uone jina la Ceska linavyorudiwarudiwa. Hilo si zao la wafugaji. Katika soko dogo la bastola, moja iliyoibwa si tone baharini. Inaweza kukodishwa kutoka genge hadi genge na kutumika mwaka mzima kabla ya kukamatwa.

Nchi hii ilishawahi kuielewa hesabu hiyo vizuri mno. Sheria ya Silaha ni mtoto wa miaka ya hali ya hatari. Ilianza kutumika 1954, wakati mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mkonge ya Thika yakiwa mikononi mwa masetla wenye bastola kiunoni hata mezani. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na nchi jirani ya kuwaletea shehena. Walitengeneza bunduki za mabomba na komeo, wakavamia kituo cha polisi cha Naivasha Machi 26, 1953 na kubeba silaha, na nyingine wakazipata pale zilipoachwa bila ulinzi na wenyewe. Serikali ya mkoloni ilijua kila bastola iliyopotea ilikuwa na thamani gani msituni. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 18, 1957 kwa hukumu ya kupatikana na bastola na risasi. Ukatili wa sheria ile sina haja ya kuutetea, na sitautetea. Nasema tu kwamba wazo la kuwa mwenye silaha anawajibika ikimtoka kwa uzembe wake halikubuniwa na wanaharakati wa juzi. Limekaa katika vitabu vyetu miaka sabini, na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyotiwa saini na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika hapo hapo Nairobi, ikalifanya kuwa ahadi ya kanda nzima.

Kuna upande mwingine ambao wenye leseni hawaufikirii kabisa, na ndio ninaouona mzito kuliko wizi. Gari hutumiwa na watu wengi. Bastola inayokaa garini inakabidhiwa, kimyakimya, kwa kila anayeshika ufunguo: mke anayekwenda kuchukua watoto shule, mwana aliye JKUAT anayeliazima wikendi, dereva wa kuajiriwa, fundi wa gereji pale Thika, vijana wa kuosha magari wanaofungua kila kitundu ili wafyonze vumbi. Hakuna hata mmoja wao mwenye cheti. Sasa soma Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 4, kinachoeleza maana ya kuwa na kitu. Mtu anakuwa nacho si pale tu kinapokuwa mkononi mwake, bali hata akijua kimewekwa mahali fulani kwa matumizi yake au ya mwingine, pawe pake au pasiwe pake. Na wawili au zaidi wakiwa na kitu mikononi mwa mmoja wao, kwa kujua na kuridhia wenzake, wote wanahesabiwa kuwa nacho. Dereva anayejua bastola ya tajiri wake iko dashibodini, na akaendesha nayo hadi Murang'a kumletea mzigo, anasimama ukingoni mwa kosa ambalo adhabu yake huhesabiwa kwa miaka. Tajiri alidhani ameacha kitu chake mahali pake. Kwa kweli amemtwika mwajiriwa wake silaha isiyo na leseni, bila hata kumwongezea mshahara. Kuhusu watoto kwenye kiti cha nyuma, sidhani msomaji anahitaji kuelezwa.

Wapo wanaosema gari ndilo hasa mahali pa bastola, kwa sababu ujambazi wa njia hii hutokea garini: unasimamishwa ukiingia getini kwako usiku, au unazibwa njia ukikata kona kuelekea Kenyatta Road. Naelewa hofu hiyo, na kwa kweli ni hofu ya haki. Lakini inatetea bastola iliyo mwilini mwa dereva anayeendesha. Haitetei iliyo dashibodini, sembuse iliyo ndani ya gari tupu. Mtu aliyezibwa njia ana mikono miwili, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gia, na sekunde chache. Akiinama kuelekea dashibodi, aliye nje na bunduki tayari ataelewa tafsiri moja tu ya mwinamo huo. Asipoinama, watampekua, wataikuta, na swali la kwanza litakuwa kama yeye ni polisi. Waliokuja kuchukua gari na simu sasa wana sababu ya kumwogopa shahidi, na silaha ya ziada ya kumnyamazishia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la pombe. Pale Kamakis, kwenye barabara ya mchepuko ya mashariki, magari hujaa Ijumaa jioni hadi yakaziba njia ya watembeaji, na kila mwenye leseni aliyekaa pale ana jibu moja: afadhali iwe garini kuliko iwe nami mezani. Watakukumbusha asubuhi ya Januari 17, 2020, katika klabu moja ya Kilimani, ambapo mcheza santuri DJ Evolve alipigwa risasi na mbunge Babu Owino akafikishwa kortini. Shtaka la kujaribu kuua likaja kuondolewa, na kwa shtaka la silaha mahakama ikamwachilia Desemba 2023. Vyovyote mahakama ilivyoona, wanasema, kama hakuna bastola ndani ya klabu hakuna anayepigwa risasi ndani ya klabu. Hilo siwezi kulipinga. Ninachopinga ni kwamba gari ndilo jibu lake. Bastola na pombe zikitenganishwa na mlango wa gari, zinatenganishwa kwa zile saa ambazo mtu anaanza kulewa, kisha zinakutanishwa saa saba za usiku, wakati amekwisha kulewa, ana funguo mkononi, na mtu wa gari la pembeni amemzibia njia ya kutokea. Tumechagua saa mbaya kuliko zote kumrudishia. Na hapo sijagusa wale wanawake wanaoitwa mchele, ambao humtilia mlevi dawa kinywajini wakamvua simu, pesa na funguo za gari. Magazeti yetu yamewataja mara kadhaa maofisa wa polisi walioamka asubuhi bila bastola zao. Sheria ya Silaha inakataza cheti kupewa mtu wa tabia za ulevi. Anayepanga jioni ya chupa na kuibeba bastola hadi kwenye maegesho ya chupa hizo, anaikaribia sentensi hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu kuna watu wa vifaa. Hao wananiambia tatizo si gari, ni uvivu. Nunua kisanduku cha chuma chenye namba za siri, kifunge kwa bolti au waya wa chuma kwenye fremu ya kiti, toa magazini, hakikisha hakuna risasi kwenye mtutu, na maneno yote haya yamekwisha. Wana hoja, na wana watu wa kuwataja. California, baada ya msiba wa Steinle, ilipitisha sheria iliyoanza kutumika 2017 inayotaka bastola iliyoachwa ndani ya gari lisilo na mtu ifungiwe kwenye buti au kisanduku chenye kufuli kisichoonekana, na askari hawakusamehewa. Uingereza, ambako sheria yetu ilichotwa, huwashauri wenye bunduki za shambani kwamba wakilazimika kuziacha garini wazifiche, na waondoe kipande muhimu waende nacho ili kilichobaki kisifyatuke. Nakubali bila kusita kwamba mwenye kisanduku ni bora mara nyingi kuliko mwenye dashibodi. Ukisimama kuweka mafuta Juja, ukaingia kulipa na kutoka, kisanduku kinatosha. Kwa ajali, kwa dharura ya hospitali, kwa jambo ambalo mtu hangeweza kulitabiri, kinatosha pia. Lakini kisanduku hicho kipo California kwa sababu California haina uwezo wa kumwambia raia asitoke na bunduki yake. Katiba ya nchi yao imeufunga mkono wake, na imebaki kupunguza hasara. Sisi mkono wetu haukufungwa. Kukopa kutoka kwao suluhisho la mwisho, tukaruka lile la kwanza ambalo wao hawaliwezi na sisi tunaliweza, ni kujinyima bure. Tena kisanduku hakizuii gari zima kuondoka, na waya wa chuma hukatwa kwa koleo la duka la vifaa vya ujenzi.

Suluhisho la kwanza linafanyika chumbani, mbele ya sefu, kabla ufunguo wa gari haujaguswa. Mwenye leseni anajua ratiba yake. Kama ni Jumapili ya kanisa, kisha chakula cha mchana hotelini, kisha duka kubwa la Juja au Thika, sehemu zote tatu zitamkatalia bastola. Siku hiyo ibaki nyumbani. Kama anabeba mauzo ya wiki kutoka dukani Makongeni kwenda benki, basi aibebe mwilini, aende, arudi moja kwa moja, airudishe. Tangu Desemba 2018, waziri wa usalama wa wakati huo Fred Matiang'i alipoamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, Bodi imeuliza mengi kuhusu mwombaji ni nani na bunduki yake ni ipi. Haijasisitiza vya kutosha bunduki hiyo inalala wapi mchana. Sharti moja lililoandikwa kwenye cheti, kwamba silaha haiachwi ndani ya gari lisilo na mwenyewe isipokuwa kwa dharura, na hata hapo ndani ya kisanduku kilichofungwa kwenye fremu, lingemaliza ubishi wa maana ya usalama. Afisa asingekuwa na haja ya kuthibitisha uzembe baada ya wizi. Kuiacha kwenyewe kungetosha.

Maduka makubwa nayo yana deni. Haiwezekani jumba likatae silaha mlangoni, liikubali katika maegesho, na kwenye tiketi liandike kwamba magari yanaegeshwa kwa hatari ya wenyewe. Ama liikatae tangu getini na mteja ageuze, ama liweke kabati la chuma chini ya askari polisi mwenye daftari, lenye namba ya bunduki na saini ya mwenyewe. Viwanja vya ndege vina utaratibu wa kukabidhi silaha kwa polisi kabla ya safari, na abiria wameuzoea. Benki na korti za Thika na Ruiru zina askari mlangoni tayari. Kinachokosekana ni kabati na daftari.

Najua watakaoguna wakisikia polisi wanatajwa. Watasema bastola ikiingia mikononi mwa askari itatoka na "kitu kidogo", au haitatoka kabisa, na kwamba baadhi ya silaha zinazokodishwa kwa majambazi zimewahi kutoka kwa walinda usalama wenyewe. Sina sababu ya kuwaita waongo. Ila tofauti iko hapa: bastola iliyopokelewa kwa saini ikipotea, kuna jina la aliyeipokea, saa, na afisa mkuu wa kituo anayeweza kupandishwa kizimbani. Vituo viko kando ya njia hiyo hiyo, Ruiru, Juja, Thika na Makongeni, na mwenye leseni anayesafiri nje ya nchi huombwa kuiacha silaha yake kwenye ghala la polisi bila mtu kuona ajabu. Kama ghala hilo linafaa kwa wiki tatu akiwa Dubai, wanaolikataa kwa saa tatu za harusi watueleze kioo cha Fielder kimelizidi nini.